Trebo ya Mkaguzi

Shangazi Koku alipofariki, mchungaji alimsifu kwa upole wake hadi nikainamisha kichwa nisije nikacheka mbele ya jeneza. "Mama huyu," alisema, "hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti." Hilo ni kweli tupu. Niliishi kwake Miembeni, Bukoba mjini, mwaka mzima nikiwa msichana ninayejifunza kupiga chapa, na sikumsikia akipaza sauti hata mara moja. Ila sijawahi, kabla ya hapo wala baadaye, kusikia maneno machungu kama yale aliyokuwa akiyasema kwa sauti ya chini, akitabasamu, sahani ikiwa mkononi. Turubai pale kijijini Kimwani lilikuwa limefurika, kwaya imevaa sare zake, akina mama wanajifuta macho kwa ncha za kanga, na mimi bibi mzima mwenye wajukuu nimebana midomo kama mtoto wa shule ya Jumapili. Sikumlilia. Nilimpenda mno, lakini si kila unayempenda unaweza kumlilia, na anayebisha hajaishi na watu.

Kaka Eliezeri, mwanawe wa pekee, alikuwa ametua Bukoba jana yake akitokea huko kwenye baridi alikokwenda kusoma ujanani na kubakia. Mvi zimemjaa, suti imemkaa vizuri, mikono haijui iende wapi. Alivuta kiti cha plastiki akakaa kando yangu, akaniuliza bila kuzungukazunguka: "Asimwe, mwaka ule ulikuwa nyumbani kwetu. Salamu zangu za redioni, baba alizisikia?" Nikamwambia, "Ngoja kwanza, kaka, wanaomba." Walikuwa wanaomba kweli. Lakini hata wasingekuwa wanaomba ningemwambia angoje, kwa sababu swali lile ningeweza kulijibu kwa neno moja, na kila neno nililolifikiria lilikuwa linamuua mzazi wake mmoja.

Nyumba ya Miembeni ilikuwa na sebule ndefu, nyembamba, yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na harufu ya kahawa ya kutafuna iliyokuwa haitoki hata ukifungua madirisha yote. Kwenye kona, juu ya meza ambayo hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kuiwekea kitu, ilikaa redio ya mume wa shangazi. Alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu, na mji mzima ulimwita Mkaguzi, hata mkewe. Waya wa eriali ulitoka dirishani ukaenda hadi kwenye mparachichi wa jirani. Na kati ya redio na spika kilikaa kisanduku cha mbao alichokitengeneza kwa mikono yake, kwa vipuri alivyovichomoa kwenye redio za marehemu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, maana wengine walimwachia wosia wa redio zao mbovu. Kazi ya shangazi ilikuwa kukifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Hiyo ndiyo ruhusa pekee aliyokuwa nayo kwenye kona ile.

Niwaeleze vijana, maana redio ya masafa mafupi si kama hizi za leo ambazo mtangazaji anakuongelea kana kwamba amekaa jikoni kwako. Sauti ile ilitoka ng'ambo, ikapanda angani, ikagonga huko juu na kurudi, na njiani ilikusanya kila takataka. Kwa chini kulikuwa na muungurumo wa umeme. Kwa juu kulikuwa na mchemko kama mafuta ya kukaangia. Mara nyingine stesheni ya jirani iliingiza mluzi mwembamba katikati ya neno. Kisanduku kilikuwa na vinobu viwili vya kuzungusha na swichi: besi ya kuukata muungurumo, trebo ya kuupunguza mchemko, na swichi ya kuuondoa mluzi. "Unakata chini, unakata juu," Mkaguzi alinifundisha siku zangu za mwanzo, wakati bado aliniona mgeni, "unabaki na pale katikati anapokaa binadamu." Alifundisha vizuri, siwezi kumdhulumu hilo. Aliniambia pia kwamba sauti ikizama ghafla mtu asiguse chochote. Ni mbingu hizo. Mjinga hukimbilia kuzungusha, akaipoteza stesheni; mwenye akili husubiri, sauti hurudi yenyewe. Alilisema hilo akiwa ameinua kiganja, na kiganja hicho kikiinuka nyumba nzima iliacha kupumua.

Maana redio ikiwaka, nyumba ilikufa. Hakuna kukohoa, hakuna kuvuta kiti, hakuna mwiko kugusa sufuria. Wiki yangu ya kwanza mfuniko uliniponyoka jikoni wakati wa habari. Mkaguzi alikuja taratibu, akainua sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa vitambaa viwili ili asiungue, akaimwaga uani kwa kuku, akarudi kukaa. Hatukula siku ile, na yeye hakula, kwa sababu alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Shangazi alikuwa na alama ndefu begani, ya waya wa eriali. Ndiyo iliyofanya Eliezeri, siku anaagwa kwenda masomoni, sebule imejaa wageni na soda zimekwisha funguliwa, asimame amwambie baba yake, "Mtu anayempiga mama yangu kwa waya wa redio si mwanamume." Akabeba sanduku lake akatoka. Hayo yalitokea kabla sijafika, lakini Miembeni nzima ilikuwa bado inayatafuna. Mkaguzi aliapa kwamba jina la mtoto yule lisitajwe ndani ya nyumba yake, wala barua yake isivuke kizingiti, mpaka aombe radhi mbele ya watu kama alivyomtukana mbele ya watu. Siku moja nilikuwa nafagia ukumbini nikamsikia akimwambia rafiki yake, Haji Sudi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Akifanya hivyo, Haji, mimi mwenyewe nitapanda ndege kumfuata. Sijui nitaipata wapi, lakini nitapanda."

Haji Sudi alikuwa fundi cherehani, jirani yetu, mtu ambaye babu yake alitoka pwani akaoa Bukoba. Yeye na wazee wengine walikuwa wakija jioni kusikiliza, kila mmoja na punje zake za kahawa mdomoni, na Mkaguzi akiwatafsiria dunia. Nao ndio waliokuwa wa kwanza kuumia. Nilipoingia nyumba ile, trebo ilikuwa nusu. Msimu wa senene ulipofika, ilikuwa imekwenda mpaka mwisho, na besi imekatwa yote, hata sauti ya mwanamume ikatoka kama ya mbu. Kila s ilichoma. Mchemko ulijaa sebuleni mpaka meno yakauma. Mkaguzi alikuwa amekaa katikati yake, ametulia, anasema, "Leo wako safi." Siku ambazo hawakuwa safi alizilaumu stesheni: wamebadilisha mitambo, wameajiri watoto, watangazaji wa siku hizi wanameza maneno. Haji akamwambia, "Mkaguzi, shusha hiyo kitu, inatutoboa." Naye akamjibu, "Una nta, Haji. Nenda kasafishwe." Wazee wakaanza kuwa na shughuli. Mmoja ana mgonjwa, mwingine ana kikao, hadi sebule ikabaki na yeye, shangazi na mimi.

Haji alikuja mlango wa jikoni siku moja, kofia mkononi. "Mama Eliezeri," alisema, "mzee masikio yanamwacha. Ndiyo maana anaipandisha ile trebo. Inafaa mtu amwambie, aende hospitali." Shangazi aliweka kiganja kifuani. Mtu asiyemjua angeona machozi. "Usimwambie, Haji, nakuomba. Utamuua kwa aibu. Niachie mimi mkewe, nitamwambia taratibu." Haji akaondoka akimsifu kwa moyo wake mwema. Shangazi akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu, akaendelea kumenya ndizi. "Nitamwambia," alisema. "Siku ya kiama."

Alikuwa anajua muda mrefu kabla yetu. Alinisimulia tukiwa tunamenya, macho yakiwa kwenye ndizi. Kwanza aliangusha kijiko kwa bahati mbaya wakati wa habari, akafumba macho akingoja, na mtu hakuja. Kesho yake akaangusha mfuniko kwa makusudi. Halafu siku nyingine akaenda kusimama nyuma ya kiti chenyewe na sahani ya bati, akaiachia sakafuni. "Hakugeuka," aliniambia. "Ndiyo siku niliyojua Mungu yupo." Alichunguza hadi akapata mipaka yote. Sauti nene ya kiume Mkaguzi aliisikia, hasa akiwa anakutazama mdomo. Sauti nyembamba ya kike, ile ya adabu tuliyolelewa nayo, macho chini na magoti chini, haikumfikia zaidi ya mvumo. Kwa hiyo kadiri mwanamke alivyomheshimu ndivyo alivyozidi kutomsikia, naye kwa kiburi chake hakuwahi kusema, "Rudia." Alikuwa anaitikia tu, akikisia kutokana na sahani au kikombe ulichobeba.

Basi shangazi akaanza kumheshimu sana. Alipiga magoti mbele yake na sahani ya ebitoke na samaki, akatabasamu, akasema kwa ile sauti ndogo kama kengele ya baiskeli ya mtoto, "Kula, mzee, zikukwame." Mkaguzi akaitikia kwa kichwa: "Zimeiva vizuri." Shangazi akasema, "Aliyeiva ni wewe, tunangoja kukuepua." Naye akajibu, "Asante." Kila siku. Asubuhi kwa uji, mchana kwa ndizi, jioni kwa chai. Kuna siku alimwambia, akimnyooshea maji ya kunawa, namna atakavyomwosha akifa na mahali atakapoitupa ile redio, kipande kwa kipande, na mzee akamwambia maji yana moto mzuri. Nilikimbilia migombani nikacheka hadi nikashika mbavu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mtu uliyemwogopa akigeuka kichekesho, utamu wake hauna mfano. Leo nikikumbuka najiona mle migombani na mbavu bado zinacheka, ila namwona na yeye. Alikuwa mzee anayeshukuru kwa kutukanwa, siku nzima, nyumbani kwake.

Halafu kulikuwa na Jumamosi. Stesheni moja ya ng'ambo iliyotangaza kwa Kiswahili ilikuwa na kipindi cha salamu jioni, ambapo mtangazaji alisoma ujumbe wa wasikilizaji waliotawanyika duniani. Mkaguzi alikidharau kwa mdomo. "Hebu tuwasikie wapuuzi hawa," alisema kila wiki. Lakini Jumamosi hiyo hiyo alinyoa ndevu mchana, akavaa koti lake la kijivu la ukaguzi na tai, akakaa mbele ya kisanduku mgongo umenyooka kama anayesubiri kuitwa ofisini. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba tunaona. Mimi nilikuwa nimekwisha mchukia vya kutosha, na bado lile koti lilinishinda. Nilikuwa nikilipiga pasi mwenyewe Jumamosi asubuhi, na nililipiga vizuri kuliko nguo zangu.

Jumamosi ninayoisema mvua ilikuwa imekatika, mbingu zimeoshwa, na stesheni ilikuja na nguvu. Mkaguzi alifurahi. Trebo mwisho, mchemko umejaa chumba, mimi nimekaa mkekani nimejifunga kitambaa masikioni, nimekivuta kama cha nywele asije akaelewa. Shangazi aliingia na kikombe cha kahawa. Mtangazaji alimaliza salamu za mtu mmoja, akasema, "Ujumbe unaofuata ni wa Eliezeri, mwanafunzi, anawasalimu wazazi wake, Bukoba, Tanzania." Nilimtazama Mkaguzi. Alikuwa ameinama mbele, amefumba macho ili asikie, mkono umetua ukingoni mwa meza. Sidhani alikuwa amelishika lile jina, lakini Bukoba alikuwa ameipata, maana shingo ilisimama. Hapo shangazi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Aliweka kikombe juu ya ile meza iliyokatazwa, kando ya kisanduku, na mkono uliokuwa umeshika kikombe ukabaki pale, ukateleza, ukaizungusha trebo kutoka mwisho hadi mwanzo.

Mchemko ukakatika. Kwa masikio yangu mimi sauti haijawahi kuwa nzuri vile mwaka mzima. Ilikuwa ya chini, laini, ya mtu anayeongea chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Nilisikia kila neno. "Baba yangu," mtangazaji alisoma, "nilikutukana mbele ya watu, nami nakuomba radhi mbele ya watu. Nilikosa. Nilisema neno ambalo mtoto hasemi. Ukinisamehe, nitumie neno moja tu, kwa mkono wa yeyote, nami nitarudi nyumbani. Usiponijibu, nitajua, na sitakusumbua tena." Kwa Mkaguzi, besi ikiwa imekatwa na sasa trebo pia, sauti ilikuwa imezama. Nilimwona uso ukikunjamana, nikaona mkono ukienda kwenye redio, ukasita. Akainua kiganja. Alikuwa anasubiri. Alikuwa anafanya alichonifundisha, kwamba ni mbingu, na mwenye akili hagusi kitu, itarudi yenyewe. Akakaa hivyo na kiganja juu, na koti lake, na tai, radhi ya mwanawe ikisomwa mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho, na mkewe amesimama karibu naye kiasi cha kumgusa bega.

Ujumbe ulipokwisha, mkono wa shangazi uliirudisha trebo mahali pake, ukachukua kikombe, ukamkabidhi. Mchemko ukamwagika tena. Mtangazaji alikuwa na mtu wa Tanga sasa. "Imerudi," Mkaguzi alisema, akashusha kiganja. Kisha akamgeukia mkewe, na hilo la kumgeukia lilikuwa geni. "Yule wa kabla alikuwa nani? Kama wamesema Bukoba." Shangazi aliisogeza sura mbele yake, akaishusha sauti ikawa nene kama ya mwanamume, kila neno peke yake. Alijua sana namna ya kusikika alipotaka. "Ni mtu wa Mwanza," alisema. "Anawasalimu rafiki zake."

Nilimfuata jikoni. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda chake. Nikamuuliza kwa nini, na sikuuliza kwa adabu. Hakukasirika. "Miaka yote niliyokaa na mtu yule," alisema, "ni mtu mmoja tu aliyewahi kusema neno kwa ajili yangu. Baba yangu hakusema. Kaka zangu walikuja hapa, wakala, wakaiona alama, wakanywa lubisi ya ndizi, wakaondoka. Mchungaji aliniambia nivumilie. Mwanangu alisema mara moja, watu wamejaa, nami nililisikia kwa masikio yangu haya. Lile neno ni langu. Sasa analirudisha? Mbele ya dunia nzima anasema alikosa, nami nisimame nimeshika kikombe?" Nikamwambia, "Lakini shangazi, asipojibiwa hatarudi." Akasema, "Najua." Akamenya ndizi nyingine hadi mwisho, akaitumbukiza majini. "Najua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyemzaa."

Sikumwelewa siku ile. Leo namwelewa mno, ndiyo maana sikumlilia. Lakini wakati ule niliona kitu kimoja tu, kwamba kuna mtu ng'ambo anahesabu siku, na kuna mtu sebuleni anajifunga tai. Basi Jumatatu, shangazi akiwa sokoni, nilimkuta Mkaguzi barazani na kikombe chake. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, macho chini, nikamwita baba kwa Kihaya, nikasema, "Tata, Eliezeri ameomba radhi redioni." Nilipoinua uso nilimwona ananitafuta mdomoni, amechelewa. Akatazama kikombe. "Vizuri," alisema. "Mwambie aongeze sukari." Nikarudia. Akasema, kwa ukali kidogo sasa, "Nimesema vizuri." Msichana wa Kihaya hampigii kelele mtu mzima, na mwenye nyumba, na aliyempa pa kulala. Hilo lilikuwa kwenye mifupa yangu. Nililivunja. Nilisimama mbele yake nikapiga kelele kwa nguvu zote, "Eliezeri!" Na jina alilisikia. Yaliyofuata hayakusikika, maana kofi lilifika kabla yake. "Jina hilo," Mkaguzi alisema, "halitajwi humu ndani mpaka mwenyewe aniombe radhi."

Shangazi alirudi akanikuta na shavu. Hakuuliza sana. "Umemwambia?" Nikasema ndiyo. "Amesikia?" Nikasema hapana. Akalowesha kitambaa akanipa nijikande, akanipikia chai ya tangawizi, akaniwekea mnofu wa samaki ambao kwa kawaida ulikuwa wa mzee. Hakuna aliyenitunza vile tangu niingie nyumba ile. Nilikula wote, nikanyamaza, nikiwa nimemwogopa zaidi ya nilivyowahi kumwogopa mumewe. Kama kuna mtu mwingine mjini aliyeisikia salamu ile, hakuthubutu. Kila mtu alijua jina lile linamfikisha wapi mbele ya Mkaguzi. Nilimaliza kozi yangu, nikapata kazi, nikapanga chumba mtaa wa Bakoba. Nilipokuwa nawatembelea Jumamosi nilimkuta na lile koti. Trebo mwisho. Liliendelea kuvaliwa miaka mingi, hadi likawa linaninginia mabegani, hadi akawa anakaa mbele ya mchemko mtupu wa stesheni iliyokwisha hama, anangoja mbingu zirudishe.

Mkaguzi alipokufa, Eliezeri hakuja. Miembeni ilimsema sana, Kimwani ikamsema zaidi, mtoto gani huyu hamziki baba yake. Shangazi alikaa mkekani na kitambaa chake cheusi na kumtetea kwa ile sauti ndogo. Baada ya hapo Eliezeri alianza kuja kumwona mama. Alimletea koti la baridi asilolihitaji, miwani, simu. Shangazi alimpikia mwenyewe hata magoti yalipogoma. Nimewaona wawili hao wamekaa barazani wakicheka, mkono wa mtoto begani pa mama, juu kabisa ya ile alama.

Maombi yalikwisha, mchungaji akafunga kitabu. Kwaya ilikuwa inajipanga. Eliezeri alinigeukia tena, akanionesha kwa kidevu pale kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, ambapo kaburi jipya lilikuwa wazi, mafundi wameegemea masururu kando ya mifuko ya saruji na maboksi ya vigae. Pembeni yake kulikuwa na la mzee, saruji imepasuka, nyasi zimeota kwenye nyufa. "Vigae vinatosha mawili," alisema. "Nilimuuliza mama zamani, kwenye simu. Akaniambia baba alisikia kila kitu, akazima redio, akaomba chakula. Nilimwamini. Lakini huku uzeeni nimeanza kufikiri, mama alikuwa ananipenda kupita kiasi, na sijui. Wewe ulikuwepo. Kama hakusikia, Asimwe, nitamjengea, na nitapiga magoti pale leo hii mbele ya watu hawa wote. Niambie tu. Alisikia?"

Nilimtazama shangazi. Jeneza lilikuwa bado wazi usoni, wamemvika ile miwani aliyoletewa, midomo imetulia kama anayetaka kusema jambo kwa adabu. Nikalitazama lile kaburi lenye nyasi. Moyo uliniuma kwa ajili ya mzee yule, nasema wazi; uliniuma kuliko nilivyotegemea. Lakini yeye ana miaka mingi chini ya udongo na amekwisha zoea kutosikia. Shangazi alikuwa bado hajashushwa.

"Alisikia, kaka," nilisema.

"Kila neno?"

"Kila neno."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akainuka, akajifunga kifungo cha koti, akaenda kwa mafundi. Nilimsikia akiwaambia kwamba saruji na vigae vitakavyobaki wavipakie kwenye gari vikauzwe, na lile la pili waliache lilivyo.